Mkono Mwembamba, Saa ya Heshima: Tank au Oyster?

Hebu nyoosha mkono wako wa kushoto. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe pale unapovalia saa, halafu soma. Umepata ngapi? Kama ni sentimita 18 na kuendelea, soma makala hii kwa ajili ya rafiki. Kama ni 16 kushuka chini, vuta kiti, maana mwezi huu ni zamu yetu.

Nasema yetu kwa sababu nyumbani kwangu wembamba wa mkono ni jambo la familia. Mimi nina sentimita 14. Mume wangu, mwanaume mrefu mwenye sauti nzito ambayo ukiisikia kwenye simu unawaza bonge la mtu, ana 15 na nusu. Akijaribu zile saa za fasheni zenye ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai, saa inazunguka mpaka upande wa chini wa mkono, na yeye anabaki kuirudisha juu kama mtoto anayepandisha soksi. Mwisho anaivua na kusoma saa kwenye simu.

Oktoba hii tunatimiza miaka kumi ya ndoa, na nimeamua kumpa saa. Si ya kubahatisha. Saa ya kweli, ya kuvaa miaka thelathini kisha kumwachia mtoto. Baada ya kuchambua weee, zimebaki mbili: Cartier Tank Must saizi kubwa, na Rolex Oyster Perpetual ya milimita 34. Zote ni ndogo, zote zina jina. Lakini kuchagua moja kati yake kumegeuka kuwa mazungumzo mazito kuliko nilivyotarajia, na ndiyo maana naandika.

Kwanza simtanki

Najua unachowaza. Dada, hela zote hizo kwenye saa? Ni kweli, hizi ni saa za maelfu ya dola. Ukizipeleka kwenye hesabu za Newala, hiyo ni bei ya pikipiki kadhaa za bodaboda. Kwa hiyo tuliongee mapema.

Mume wangu ni afisa ugani. Kazi yake ni mikorosho, na anazunguka kati ya Masasi na Newala. Mimi niko Dar es Salaam na kurasa zangu. Yetu ni ndoa ya mabasi na simu, na wenzangu mnaoishi hivyo mnajua jinsi mambo yanavyokwenda. Kwao ni Newala, juu kabisa kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji ni hadithi ya miaka mingi. Mvua inanyesha, mchanga unainywa. Watu wanakinga maji ya paa, yakiisha wananunua kwa ndoo.

Basi kabla sijaligusa suala la saa, tulifunga mifereji kwenye bati la mama mkwe na kumwekea simtanki la lita 5,000. Lilipojaa mvua za kwanza, alinipigia simu. "Mwanangu, maji nimepata. Sasa na nyie fanyeni mambo yenu." Ruhusa hiyo niliipokea kwa mikono miwili, tena myembamba.

Akiba yenyewe ni ya miaka sita, kutoka kwenye kazi za ziada za uandishi. Hakuna mkopo ndani yake, wala ada ya shule. Saa ya kifahari iliyonunuliwa kwa deni, kwangu mimi, ni deni lenye mishale. Kama bado kuna simtanki linalosubiri kwenu, anza na hilo. Saa haziishi dukani.

"Wifi, hii ni ya kwako au ya kaka?"

Hilo ndilo swali la kwanza nililopata nilipomwonyesha wifi yangu picha kwenye simu. Akacheka mpaka akakaa chini. Milimita 34! Kwa macho yake, saa ya mwanaume lazima ionekane kutoka ng'ambo ya barabara.

Nisikilize, wifi, na wewe msomaji. Rolex ilipotoa Datejust mwaka 1945, saa ya wanaume, ilikuwa na milimita 36. Mwaka 1956 ikaja Day-Date, ile ambayo watu wameizoea kwa jina la saa ya marais. Nayo milimita 36. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 mwanaume aliyevaa vizuri alivaa saa ya kati ya milimita 33 na 36, na hakuna aliyemuuliza kitu. Ukubwa ulikuja baadaye. Hublot ilipotoa Big Bang mwaka 2005 ikiwa na milimita 44, tayari tulikuwa katikati ya miaka ya saa za kufunika mkono. Fasheni hiyo ina umri mdogo kuliko wengi wetu.

Tena kuna jambo la kuchekesha zaidi. Zamani saa yoyote ya mkononi ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake. Mwanaume alikuwa na saa ya mfukoni yenye mnyororo. Kilichobadilisha mambo ni Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Askari mwenye bunduki hana mkono wa kuchimba mfukoni kila anapotaka kujua saa. Wakazifunga mikononi, na waliporudi makwao hakuna aliyethubutu kuwaambia wamevaa vitu vya kike.

Na hiyo Tank? Louis Cartier aliichora mwaka 1917, akiongozwa na umbo la vifaru vya vita hiyo vikitazamwa kutoka juu: minyororo miwili pembeni, chumba cha askari katikati. Ikaingia sokoni mwaka 1919. Mwaka huohuo wa 1917 vita hiyo ilikuwa imefika mlangoni kwa mama mkwe wangu. Mwezi Novemba majeshi ya Waingereza yaliwafukuzia Wajerumani mpaka Newala, na tarehe 25 Novemba Jenerali von Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Wapagazi wa Kiafrika ndio waliobeba mizigo ya vita ile, na wengi hawakurudi. Kwa hiyo mtu akiniambia Tank ni kitu cha Paris kisichotuhusu, namwomba akasimame pale Shimo la Mungu, Newala, atazame bonde la Ruvuma chini, kisha arudi tuongee.

Kama bado una wasiwasi na uanaume wa saa ndogo, Muhammad Ali alivaa Tank. Ndiyo, Ali wa ngumi, yuleyule aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1980 kama mjumbe wa Rais Carter wa Marekani. Nani angemwambia amevaa saa ya kike?

Milimita hazidanganyi

Haya, tuingie kwenye vipimo. Wengi tunatazama upana wa uso wa saa peke yake. Kwa mkono mwembamba, kipimo kinachoamua ni urefu: kutoka ncha ya pembe za juu zinazoshika mkanda mpaka ncha ya pembe za chini. Urefu huo ukizidi sehemu bapa ya juu ya mkono wako, pembe zinaning'inia hewani na saa inakaa kama daraja. Hapo hata uwe na saa ya bei gani, utaonekana umeazima.

Sehemu bapa ya mkono wa mume wangu ni milimita 48. Oyster Perpetual ya 34, ukipima pembe hadi pembe, ina milimita 40 na kitu. Inatosha, na nafasi inabaki. Tank Must saizi kubwa ina urefu wa milimita 33.7 na pembe zake zimo ndani ya hesabu hiyo, upana 25.5, unene 6.6 tu. Inalala kwenye mkono kama barua chini ya mlango. Usiiogope kwa udogo wa namba hizo, maana saa ya mstatili huonekana kubwa kuliko ya duara yenye upana uleule. Macho yanahesabu pembe nne.

Duka la saa hizi Masasi hakuna, hilo unalijua. Tulichofanya mwezi Julai nilipokwenda likizo ni hiki: nilichukua boksi gumu, nikakata duara la milimita 34 na pembe zake, nikakata na mstatili wa 33.7 kwa 25.5, nikavichorea mishale kwa kalamu na kuvipitishia utepe. Mume wangu akavaa kimoja siku tatu, kingine siku tatu. Watoto wa jirani walikuwa wanamuuliza, "Mjomba, saa ngapi?" na yeye anaangalia boksi na kuwajibu bila kucheka. Saa ya boksi lakini ilisema ukweli. Zote mbili zilimkaa. Kwa vipimo peke yake, hakuna aliyeshinda.

Salfa, vumbi na jasho

Kilichozitenganisha ni kazi. Julai ni msimu wa kupulizia mikorosho. Wakulima wanarusha salfa kupambana na ubwiriunga, ule ugonjwa unaopaka maua unga mweupe na kuyakausha kabla hayajawa korosho. Ukipita mashambani asubuhi na mapema unaona mawingu ya njano kati ya miti. Mume wangu yumo humo. Kutoka hapo anapanda pikipiki, vumbi jekundu, jua, jasho, mpaka Masasi kwenye kikao.

Sasa weka Tank kwenye picha hiyo. Mkanda wa ngozi unakunywa jasho na salfa vyote viwili, na ngozi ikishakunywa haisafishiki. Ipo Tank Must ya cheni ya chuma, nakubali. Lakini uwezo wake wa kuzuia maji ni wa mita 30, ambao kwa lugha ya mafundi maana yake ni kunawa mikono na manyunyu ya mvua, basi. Ukirudi umejaa vumbi, huiweki chini ya bomba ukaisugua.

Oyster imetengenezwa kwa shida za namna hii. Jina lenyewe ni la chaza, yule wa baharini anayejifunga. Kitufe chake cha kurekebishia majira kinakazwa kama skrubu, na inahimili mita 100. Rolex iliitoa mwaka 1926, na mwaka uliofuata mwanamke Mwingereza, Mercedes Gleitze, akaogelea nayo kwenye baridi ya Mlango wa Uingereza kwa zaidi ya saa kumi, ikatoka ikiwa inatembea. Kumbuka vizuri: aliyeitangaza saa hii ya "kiume" alikuwa mwanamke. Chuma chake salfa haikibabaishi. Unarudi nyumbani, unaisafisha kwa maji, sabuni kidogo na mswaki laini, imekwisha.

Upande wa mashine nako kuna tofauti. Oyster haina betri. Ndani kuna uzito unaozunguka kadiri mkono unavyotikisika, na wenyewe unaikaza springi. Ukiivua Ijumaa jioni, Jumapili jioni bado inatembea, maana ina akiba ya karibu saa 55. Ukiiacha zaidi ya hapo inalala, unaiamsha na kuirekebisha. Tank Must niliyoitaka ni ya betri, haisumbui kabisa mpaka siku betri inapokwisha, na betri ya saa kama hiyo hupeleki kwa kila fundi wa mtaani mwenye bisibisi. Cartier ilitoa pia, mwaka 2021, aina inayojichaji kwa mwanga unaopita kwenye vitundu vidogo vya namba zake. Kwa jua la Masasi, hiyo isingewahi kulala!

Ila sitaki uone kama Tank imepigwa. Ina uzuri ambao Oyster haina. Mishale ya buluu kama visu, namba za Kirumi, jiwe la buluu kwenye kitufe. Kwenye saa nyingi za Cartier jina la kampuni limefichwa kwa maandishi madogo sana ndani ya namba VII au X, kama siri ya wapenzi. Na VII kwetu Waswahili si saba. Mshale ukifika pale ni saa moja, siku inapoanza, wakati simu yake ya kwanza inapoingia kila asubuhi. Unaona jinsi nilivyokuwa nimeshaipenda?

Saa inamwona nani?

Jioni moja tulikaa nje kwa mama mkwe, saa za boksi mezani. Nikamuuliza mume wangu anataka ipi. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Mama watoto, hii ya pembe nne nitaivaa siku ya harusi ya watu. Hii ya duara nitasahau kwamba nimevaa."

Nikamwambia ya pembe nne ingempendeza sana akiwa na suti, kwenye hafla zetu za Dar. Akanitazama. "Hafla za Dar ninakwenda mara ngapi?"

Mara mbili kwa mwaka, pengine. Hapo ndipo mazungumzo yalipoacha kuwa ya saa. Miaka kumi tumekuwa tukizunguka swali moja bila kulishika: je, iko siku atahamia Dar, avae suti, akae ofisini? Mimi nimekuwa na picha hiyo kichwani. Yeye ana picha nyingine, ya miti aliyoiona ikipandwa, na wakulima wanaomwita kwa jina kila msimu wa mnada. Tank ilikuwa inakwenda na mwanaume wa picha yangu. Oyster ilikuwa inakwenda na mwanaume aliyekaa mbele yangu, vumbi kwenye kola, ananimenyea chungwa.

Tuliongea mpaka usiku. Hatukumaliza kila kitu, na ndoa za mbali hazimalizwi kwa kikao kimoja. Lakini tulikubaliana mambo mawili. Kwanza, kuhamia Dar si jambo la "siku moja" tena. Hatutalitaja kama ahadi ambayo hakuna aliyeitoa. Kila Desemba tutakaa kulipima kwa hesabu na kwa mioyo yetu. Pili, zawadi ya miaka kumi ni Oyster Perpetual ya milimita 34.

Wenzangu, zawadi kubwa inamwambia mtu jinsi unavyomwona. Kabla hujalipia, hakikisha unamwona yeye, siyo yule unayetamani awe. Mwenye mkono mwembamba amezoea kuambiwa avae vikubwa ili aonekane zaidi ya alivyo. Mpe kinachomkaa.

Kabla hujatoa hela

Kwa wale mlio na mikono kama yetu, haya ndiyo niliyoyakusanya:

1. Pima mzunguko wa mkono jioni, siyo asubuhi. Joto huvimbisha mkono kidogo, na hutaki cheni ikubane saa nane mchana.

2. Pima na sehemu bapa ya juu. Urefu wa saa, pembe hadi pembe, usiizidi. Ukipungua kwa milimita chache, ndiyo vizuri.

3. Angalia unene. Saa nene kwenye mkono mwembamba inainuka kama kisoda na haiingii chini ya mkono wa shati.

4. Cheni ipunguzwe vipande na fundi saa kwa kipimo chako, na vile vilivyotolewa uvitunze. Mkanda wa ngozi uongezewe tundu na fundi, siyo kwa msumari wa moto.

5. Kata saa ya boksi. Ni bure. Vaa siku tatu, fanya kazi zako zote nayo, halafu uamue.

6. Nunua kwa wakala rasmi, na saa iwe na karatasi na namba zake. Kwa Rolex jiandae kuandikishwa kwenye orodha ya kusubiri. Ukikutana na "Rolex" mpya kwa bei ya simu ya mkononi, hiyo ni feki, hata muuzaji akiapa kwa mama yake.

7. Ukiinunua nje, weka fungu la ushuru wa forodha na VAT kwenye bajeti tangu mwanzo. Na uliza mapema itafanyiwa huduma wapi, kwa kuwa saa ya mashine itahitaji kufunguliwa na kusafishwa baada ya miaka.

8. Zungumzeni. Saa ya siri ni tamu kwenye sinema. Kwenye nyumba yenye bajeti moja, mshtuko wa furaha unaweza kugeuka mshtuko wa kawaida.

Mimi tayari niko kwenye orodha ya kusubiri. Wifi yangu ameshaambiwa uamuzi na bado anacheka, ila juzi kanitumia ujumbe: eti ile ya pembe nne, saizi ndogo ya milimita 29.5 kwa 22, inaweza kumkaa mtu mwenye mkono wa sentimita 14? Inaweza, wifi. Kopo la akiba nimelifungua upya. Linaanzia sifuri, na sina haraka.